Barua ya wazi: Tutajieni bei kabla hatujapanda

Kwenu nyote mnaosimamia zao la pamba: mlioko wizarani, kwenye bodi, mikoani, kwenye halmashauri na kwenye vyama vya ushirika.

Shikamooni.

Nina miaka 20. Nimezaliwa na kukulia kwenye pamba, mkoa wa Simiyu. Mwezi uliopita baba alinichukua asubuhi, tukaenda kwa miguu hadi ofisi ya AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika wa mazao, akamwambia katibu: "Andika jina la huyu. Kuanzia msimu huu shamba ni lake." Katibu akafungua daftari, akaandika jina langu, mwaka wa kuzaliwa na ekari 5. Kisha akarudi kurasa za nyuma, akatafuta jina la baba, akachukua deni lake la dawa ya wadudu, shilingi 186,000, akaliandika mbele ya jina langu. Akanisukumia kalamu nitie sahihi.

Siku ile niliisubiri tangu utotoni. Kwetu kijana hahesabiwi mtu mzima kwa ndevu wala kwa cheti cha kidato cha nne. Anahesabiwa siku baba yake anaposimama mbele ya watu na kusema shamba ni la huyu. Nikatia sahihi, kwa sababu baba alikuwa amesimama pale na fimbo yake, ananitazama.

Nawaandikia kwa sababu deni lile nalijua lilikotoka. Tangu nikiwa darasa la sita mimi ndiye karani wa nyumbani. Baba hakusoma. Alininunulia kaunta buku akaniambia niandike kila kinachotoka na kila kinachoingia: mbegu, dawa, vibarua wa palizi, kilo, fedha. Ipo hapa mezani ninapoandika, pembe zimetafunwa na panya, na hesabu zote za nyumbani kwetu nitakazozitaja nazitoa humo.

Kwetu mtoto wa kiume huanzia pamba mbele ya ng'ombe. Unapewa kamba, unatangulia, maksai wawili wanakufuata na baba yuko nyuma ameshika plau. Unasikia mnyororo unavyolia na pumzi za ng'ombe mgongoni, na hutakiwi kugeuka, kwa sababu ukigeuka nao wanapinda na mfereji unapinda. Nilitembea mbele ya maksai wetu, mmoja mweusi na mmoja wa madoa, kuanzia miaka tisa hadi kumi na tatu. Novemba ya 2018 baba akanipa plau. Alifuata nyuma yangu mfereji wa kwanza wote bila kusema neno, mikono mgongoni. Plau ukiikandamiza inazama, ng'ombe wanakwama. Ukiilegeza inaruka juu na kukwangua udongo. Tulipofika mwisho wa shamba alikwenda kukaa chini ya mkwaju, akaniachia nigeuze mwenyewe. Mfereji wangu wa pili ulinyooka. Hadi leo nikipita pale nautazama mstari ule, ingawa umelimwa tena mara nyingi.

Baada ya plau ikaja kamba ya kupandia. Maafisa ugani walitufundisha nafasi mpya, sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo, na kamba yenye vifundo. Nilipoingia kidato cha kwanza nikapiga hesabu: ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo kwa nafasi ile kuna mashimo zaidi ya 22,000 kwenye ekari moja, na miche zaidi ya 44,000. Kila shimo mtu ameinama. Sisemi hivyo kuulalamikia utaalamu, maana nafasi ile inafaa na miche ikishikana vizuri inafunika ardhi mapema. Nasema ili mjue "ekari 5" kwenye daftari la katibu ni nini kwenye kiuno cha mama yangu.

Naomba niwarudishe kwenye mizani.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 12, na baba akanichukua kituo cha kununulia pamba kwa sababu nilikuwa najua kusoma. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, imefungwa kwenye boriti. Mzigo ukiinuliwa, mshale unaruka, unatetemeka, unatulia. Baba akanisogeza mbele: "Nisomee." Mzigo wa kwanza mshale ukatulia kwenye 63. Nikasema kwa sauti: sitini na tatu. Karani wa mizani akaandika 58. Nikadhani hakunisikia, nikarudia, kwa sauti ya mtoto anayejibu swali darasani. Watu wakanyamaza. Baba akaniwekea mkono begani akanibana hadi nikasikia maumivu, nikanyamaza. Tulikuwa na mizigo saba. Yote ilipita hivyo, mshale ukisema lake na kalamu ikisema lake.

Njiani kurudi sikuzungumza naye. Tulipokaribia nyumbani akasema: "Yule ndiye anayegawa dawa." Basi. Hakuongeza.

Usiku ule nikachora safu mbili kwenye kaunta buku, moja ya kilo za mshale na moja ya kilo za karani. Kwa mizigo saba zilipishana kilo 37. Na nikaelewa kwamba baba yangu, ambaye nimemwona akitoka usiku peke yake kumfukuza fisi zizini, alikuwa na mtu anayemwogopa, na mtu huyo silaha yake ilikuwa kalamu. Utoto wangu uliishia pale, hata kama plau niliishika mwaka uliofuata.

Najua sasa mizani nyingi ni za kidijitali, na kwa hilo nashukuru kwa moyo. Lakini nimeona vituo ambako kioo cha mizani kinamtazama karani na mkulima yuko upande wa nyuma. Kigeuzeni. Namba isomwe kwa sauti, mkulima apewe stakabadhi yenye kilo zilezile papo hapo. Na anayepima pamba asiwe yeye anayegawa mbegu na dawa. Hilo halihitaji bajeti. Mkulima hawezi kumpinga leo mtu ambaye Januari atakwenda kumpigia magoti amgawie dawa.

Sasa bei.

Mei 2019 bei dira, yaani bei ya kufungulia msimu, ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Nyumbani kwetu tulikuwa tumelima ekari 4. Tulichuma wote, pamoja na mimi kila nilipotoka shule. Anayeijua pamba kwa kitambaa tu huenda hajui kwamba kaka lake, yaani ganda la tunda lake, likikauka lina ncha kama sindano, na ncha hizo huingia pembeni mwa kucha. Mama alikuwa anatufunga vidole kwa vipande vya kanga, kwa ajili yetu na kwa ajili ya pamba pia, maana tone la damu kwenye pamba safi linaweza kuishusha ikawa fifi, yaani ya daraja la chini. Jioni tunachambua sakafuni kwa mwanga wa taa ya sola, majani huku, yenye madoa huku. Kilo 1,120, zote safi. Kwa 1,200 ni shilingi 1,344,000. Baba alizigawa fedha zile kichwani kabla hajazishika: ada ya dada yangu chuo cha ualimu, bati za kumalizia nyumba, vibarua waliotupalilia kwa mkopo.

Wanunuzi wakasema bei ya dunia imeshuka, kwa 1,200 hawawezi. Mnakumbuka mwaka ule, hata magazeti yaliandika. Pamba yetu ilikuwa imeshapimwa na kuingizwa kwenye ghala la AMCOS kwa maandishi, bila fedha. Ghala likajaa. Mizigo ikapangwa nje, ikafunikwa maturubai. Wazee wakakubaliana vijana walale pale kwa zamu, na mimi nikiwa na miaka 14 nikaingia zamu.

Nililala juu ya pamba yetu usiku mwingi, Juni na Julai. Pamba iliyorundikwa ina joto lake, inakushika mgongo kama mtu. Inanuka vumbi na mafuta kidogo, kwa sababu ya mbegu zilizomo ndani. Usiku panya wanapita chini ya turubai na alfajiri mbuzi wanakuja kuvuta nyuzi pembeni. Wakubwa walikuwa wanahesabu kila mmoja anadai nini, wanarudia namba zilezile kama sala. Mzee mmoja alikuwa anakuja kila siku jioni, anagusa mizigo yake mitatu kwa kiganja, anaondoka. Nilikosa shule siku 19. Nazo nimeziandika.

Julai baba alimpeleka yule maksai mweusi mnadani. Mimi ndiye niliyemshika kamba, maana alikuwa ananizoea. Fedha yake ilikwenda kwa vibarua, watu maskini kuliko sisi ambao hawakuwa na kosa. Ya dada haikupatikana. Alirudi kutoka chuoni na sanduku lake, akasema atarudi mwakani, na mwakani akaolewa.

Tulilipwa kwa mafungu. Fungu la mwisho liliingia wiki ya pili ya Novemba, tukiwa tumeshaanza kulima shamba la pamba nyingine.

Mwaka 2020 bei dira ikawa 810. Baba alikuwa amepunguza, amelima ekari 3, tukapata kilo 790, yaani shilingi 639,900 kabla ya makato. Mwaka 2022 bei ikafunguliwa kwa 1,560, na waliosubiri walipata zaidi ya hapo. Sisi hatukusubiri, tulikuwa tumeshafundishwa na 2019. Lakini msimu ule tulikuwa na ekari 2 tu, kwa sababu ile 810 ya 2020 ilikuwa bado imemkatisha baba tamaa. Kilo 610, shilingi 951,600. Akasema tulipoteza bahati. Novemba ile akalima ekari 5, akakopa mbegu, akakopa dawa, akaita vibarua. Mei 2023 bei ikatangazwa 1,060. Tulikuwa na kilo 1,300. Kwa bei aliyokuwa nayo baba kichwani alipokuwa anapanda, tungepata 2,028,000. Tulipata 1,378,000. Pengo ni shilingi 650,000, na vibarua walikuwa wameshapalilia kwa hesabu ya 1,560.

Mwaka wa bei nzuri tuna ekari 2, mwaka wa bei mbaya tuna ekari 5. Kwa muda mrefu nilidhani ni baba yangu tu, mtu asiyejua hesabu. Nilipokua nikazunguka vijiji vya jirani, nikaona wote ndivyo walivyo. Tunapanda kwa bei ya mwaka jana na kuuza kwa bei ya mwaka huu, kwa sababu ya mwaka jana ndiyo pekee tunayoijua tukiwa na mbegu mkononi. Kupanda ni kati ya Novemba 15 na Desemba 15, mnatuhimiza wenyewe. Bei inatajwa Mei. Miezi ile sita mkulima anatembea gizani na mkopo mgongoni.

Naomba hili kuliko yote niliyoandika humu: kabla ya Novemba 15 tuambieni bei ya chini ambayo pamba ya msimu unaokuja haitashuka chini yake. Isiwe bei kubwa. Hata ikiwa 900, niambieni 900, nitajua nilime ekari ngapi, nikope dawa kiasi gani, na kama mdogo wangu anaweza kwenda bweni. Mei ikifika na dunia ikiwa nzuri, pandisheni.

Najua jibu, nimeshalisikia mkutanoni: bei inapangwa na soko la dunia, serikali haiwezi kuibashiri. Ni kweli bei ya nyuzi haipangwi Bariadi wala Dodoma. Lakini Burkina Faso na Mali nao wanauza pamba soko hilohilo la dunia, nao ni maskini kama sisi, na mkulima wa kule hutajiwa bei yake kabla ya kupanda. Burkina Faso ina mfuko wa kutuliza bei: mwaka soko likiwa zuri fedha inawekwa, likiwa baya inatolewa. Mwaka 2022, bei ilipopita 1,560, nani kati yetu angekataa kukatwa shilingi 50 kwa kilo ili 2023 arudishiwe? Mimi nisingekataa. Baba asingekataa, kama angeambiwa kweli fedha inakwenda wapi na kusomewa hesabu yake kila mwaka. Makato tumeyazoea. Ambacho hatujakizoea ni kuona kilichokatwa kikirudi.

Na msimu ukifunguliwa, mnunuzi aonyeshe fedha kabla pamba haijaingia ghalani mwake. Pamba isipokewe kwa maneno.

Deni la shilingi 186,000 ni la msimu wa 2024. Mvua za El Niño zilikuwa zimetuzidi, mashamba ya mbugani yalisimama maji, magugu yakashinda palizi. Dawa ilichelewa. Tulipoipata funza walikuwa wameshaingia kwenye vitumba, na funza akishaingia ndani unampulizia nyumba, yeye yuko chumbani. Tulipulizia, mvua ikaosha. Tukapulizia tena. Mara ya tatu nilipasua kitumba jioni yake, nikamkuta funza mnene, wa kijani, anakula kama vile hatukufanya kitu. Nikamwonyesha baba kwenye kiganja. Akamtazama muda mrefu. Akaenda akaleta dawa nyingine kwa mkopo.

Bomba letu la mgongoni lilikuwa linavuja. Baba alipulizia na shati lililolowa dawa mgongoni, bila glavu, na kitambaa cha mama kimefungwa puani. Mimi nimeanza kubeba bomba lile nikiwa na miaka 12, na hakuna aliyewahi kuja kijijini kwetu kutuambia mtoto hapaswi kulibeba, au kutuletea barakoa moja. Tangu msimu ule macho ya baba yanatoa machozi, na kiuno hakimruhusu kuinama. Ndiyo maana shamba limekuwa langu mapema. Ekari 5 zilitoa kilo 420. Kwa 1,150 ni shilingi 483,000. Zikakatwa mbegu, ikakatwa sehemu ya dawa, na sehemu iliyobaki ndiyo ile niliyoitilia sahihi.

Sikatai kulipa deni. Nimelelewa kulipa. Ila naomba dawa inapogawiwa kwa mkopo, na ikachelewa au ikashindwa kuua, kuwe na mtu wa kumwendea, awe afisa ugani au mkaguzi, aje shambani atazame funza, aandike alichokiona. Leo hakuna. Aliyeleta dawa mbovu ameshalipwa, na aliyeipulizia ndiye anadaiwa, na baada yake mwanawe. Kama mtu mwenye mamlaka ya kufuta au kupunguza madeni ya aina hii anasoma barua hii, aanze na ya wazee walioacha kulima. Msiache deni la baba liwe mlango wa mtoto kuingilia ukulima.

Wenzangu sita tuliomaliza nao darasa la saba wameondoka. Wawili wako machimbo ya Geita, mmoja Kahama, wawili wanaendesha bodaboda Mwanza. Wa sita alifukiwa na shimo la dhahabu, tukamzika kijijini. Wale wa Geita walikuja Krismasi wakaniuliza nasubiri nini. Wazazi wao sasa wanalima dengu na alizeti kidogo karibu na nyumba, kwa sababu pamba inataka mikono na mikono imekwenda.

Machi 2023 Rais Samia alizindua Dodoma mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, wa kuwapa vijana mashamba makubwa ya pamoja, Chinangali na kwingineko. Nilifurahi nilipousikia, nikasikiliza redio hadi betri ikaisha. Nauliza kwa nia njema: na kijana ambaye shamba analo tayari? Ambaye plau anaijua, udongo wake anaujua, kwake hamhitaji kusafisha pori wala kuchimba kisima kabla hajaanza? Gharama ya kumbakiza huyu ni ndogo sana. Ni bei anayoijua, dawa inayofika kabla ya funza, na mizani inayomtazama. Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora, kote huko kuna maelfu ya vijana wa namna hii, na wengi wao usiku huu wanapiga hesabu ya nauli.

Babu yangu aliuza pamba enzi za muungano wa vyama vya Victoria, ule uliojengwa na kina Paul Bomani mwaka 1955. Nyumba ya bati tunayoishi sehemu ya mbele ni ya fedha ile. Vyama vikavunjwa mwaka 1976, sheria ikavirudisha mwaka 1982, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa mwaka 1994, na 2018 tukarudishwa kuuzia kwenye AMCOS. Sina ugomvi na ushirika. Babu aliupenda na mimi nataka kuupenda. Nataka niingie kwenye mkutano wa AMCOS, nisimame, niulize kuhusu kilo, bila mtu kunibana bega.

Halmashauri nanyi nina neno kwenu. Kila kilo inayotoka hapa ina ushuru wenu wa asilimia 3. Najua anayelipa ni mnunuzi, lakini mnunuzi anapopanga atanipa shilingi ngapi ameshautoa kwanza. Ghala letu bado linavuja pale pale lilipovuja 2019, kona ya kulia ukiingia. Bati nne zingetosha, nimezihesabu.

Na jambo moja ambalo huwa linanijia nikiwa mnadani. Katika kilo 100 za pamba yetu, nyuzi ni theluthi moja na kidogo, zilizobaki karibu zote ni mbegu. Nyuzi nyingi zinapanda meli. Mbegu zinakamuliwa mafuta, mashudu yanarudi huku kwenye magunia, tunayanunua kuwalisha ng'ombe wetu kiangazi. Shati nililovaa siku ya kuandikishwa shamba ni la mtumba, lebo inasema pamba asilimia 100. Baba alilishika kola kati ya vidole viwili, kama anavyoshika nyuzi anapopima urefu wake, akasema ni pamba nzuri. Alisema kwa upendo kabisa. Kiwanda cha Urafiki, ambacho babu alikuwa akikitaja kila mara kwa majivuno, kilikuwa kinatengeneza khanga na vitenge kwa pamba ya huku. Siombi viwanda kwa barua hii, hiyo ni hoja kubwa kuliko mimi. Nasema tu kwamba baba bado anaipenda pamba, baada ya yote, na mimi pia.

Baba hakunilazimisha. Siku tuliporudi kutoka kwa katibu aliniambia, akiwa amekaa pale pale chini ya mkwaju: "Ukitaka kwenda Mwanza nenda, shamba halina miguu, litakusubiri." Mama alikuwa anapepeta mtama karibu, akaacha kupepeta. Sikuwajibu.

Mbegu za pamba, aina ya UKM08, zimeshafika, mifuko imepangwa chini ya kitanda cha baba ili panya wasizifikie. Maksai wa madoa bado tunaye, amezeeka lakini anavuta. Wa pili nimeazima kwa jirani, kwa makubaliano kwamba nitamlimia ekari moja kwanza. Mdogo wangu ana miaka 10, ndiye atakayetangulia na kamba, siku zisizo za shule. Kamba ya vifundo nimeifunga upya. Nimeandika kwenye kaunta buku, ukurasa mpya, jina langu juu na deni chini yake. Nafasi ya ekari nimeiacha wazi, na nafasi ya bei pia.

Jana jioni umeme ulimulika upande wa ziwa. Wazee wanasema bado wiki mbili, pengine tatu.

Wenu katika kazi,

Mkulima kijana wa pamba,
Simiyu